Maarifa ya Nyumbani: Kompyuta Isiyowaamsha Waliolala

Nyumba nyingi za kupanga katika mji wa Morogoro, kuanzia Mji Mpya na Mwembesongo hadi Mafiga na Kihonda, zimejengwa kwa namna ambayo kila mpangaji anaifahamu: vyumba sita au vinane vinatazamana ukumbini, kuta zake zimekomea usawa wa boriti, na juu ya vyumba vyote hivyo limelazwa paa moja la bati. Dari aghalabu hakuna. Kwa sababu hiyo kikohozi cha mzee wa chumba cha kwanza husikika chumba cha mwisho, na mtoto mmoja akilia usiku nyumba nzima hukesha naye. Katika nyumba za namna hiyo ndimo kompyuta ya mezani ilimoingia, na ndiyo maana kelele yake si jambo la kupuuzwa.

Juma hili napenda tuzungumze juu ya kelele hiyo, na juu ya kifaa kinachoileta, yaani feni ya prosesa pamoja na bati zake, ambavyo kwa pamoja nitaviita kipozeo. Huenda wako watakaosema kwamba mambo ya mashine hayana nafasi katika ukurasa wa familia. Hao wangezungumza kwanza na mama mmoja wa Mafiga ninayemfahamu. Mama huyu huchapa kazi za wanafunzi wa vyuo kwa malipo ya ukurasa, na fedha hiyo ndiyo inayonunua madaftari na sare za watoto wake. Mchana yuko gengeni. Usiku, watu wakishalala, ndipo hukaa mezani. Mumewe hufanya kazi ya zamu kiwandani na ana haki ya usingizi wake. Mtoto wao wa mwisho hajatimiza mwaka. Kompyuta yake ni ile iliyokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya kabla ya kufika kwetu, na ikishafanya kazi robo saa huanza kuvuma kama mashine ya kukoboa. Mtoto huamka, baba hugeuka kitandani, jirani hugonga ukuta, na mama huzima. Kurasa alizoahidi kuzitoa asubuhi hulala, na mwanafunzi huzipeleka kwingine.

Alikuwa amekwisha kuamua kuiuza. Kabla ya hapo muuzaji mmoja alimshauri anunue kipozeo kikubwa chenye taa za rangi rangi, akalipa fedha ya kutosha mahitaji ya shule ya muhula mzima, na kilipoletwa kikawa kirefu kuliko kasha lenyewe. Hakikuingia. Makosa ya namna hiyo ni ghali kwa mfanyakazi, na yanaweza kuepukwa kwa kuelewa mambo machache tu.

JOTO NDILO LINALOPIGA KELELE

Prosesa ni kile kipande, kisichozidi ukubwa wa kiberiti, ambamo hesabu zote za kompyuta hufanyika. Umeme unaoingia humo hugeuka kuwa joto. Katika miaka ya 1980 prosesa za kompyuta ndogo zilikula umeme kidogo kiasi kwamba hazikuhitaji feni. Hewa ya chumba ilitosha. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1990. Pentium ya kwanza, iliyotoka mwaka 1993, ilikula wati kama 15, na ikalazimu ipachikiwe feni. Leo prosesa ya kawaida ya mezani hupimwa kwa wati 65, na zile za kazi nzito huzidi 200. Wati 65 ni zaidi kidogo ya globu ya zamani ya wati 60, ile ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuishika ikiwaka. Nawe fikiria joto la globu hiyo limekusanywa mahali padogo kama kiberiti.

(Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikalegezwa pole pole katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo kizazi cha kompyuta zisizo na feni kilipita bila wengi wetu kukiona. Zilipotufikia majumbani zilikuwa zimekwisha kuwa na moto.)

Sasa tazama mahali tulipo. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, miguuni pa Milima ya Uluguru. Pepo za Bahari ya Hindi humwaga sehemu kubwa ya mvua yake upande wa mashariki wa milima, kule Kinole na Tegetero, nazo zinapotushukia sisi wa upande huu huwa zimepungukiwa maji. Miezi ya joto jua la mchana hupita nyuzi 30, na chumba kilichoezekwa bati bila dari hupita hapo. Ukipanda mpaka Morningside, kwenye mita kama 1,300, hewa huwa imepungua joto kwa nyuzi tano hivi, na ukivuka hadi Mgeta utahitaji sweta. Lakini hatuwezi kuhamia Mgeta kwa ajili ya kompyuta.

Jambo la kushika hapa ni kwamba feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuondoa hewa iliyokwisha kupata moto na kuleta nyingine ya chumba. Haiwezi kamwe kuishusha prosesa chini ya joto la chumba chenyewe. Tuseme prosesa yako ikifanya kazi hupanda nyuzi 40 juu ya hewa inayoizunguka. Katika ofisi ya Ujerumani yenye nyuzi 20, itafika 60, na feni itanong'ona tu. Hapa Mwembesongo, mwezi wa Januari, chumba kikiwa na nyuzi 35, prosesa hiyo hiyo kwa kazi hiyo hiyo itafika 75. Kompyuta ikiona hivyo huamuru feni ikimbie. Kipozeo kilichotoka na mashine kiwandani kilipimwa kwa ajili ya yule wa nyuzi 20. Wewe wa nyuzi 35 unalipa tofauti hiyo kwa kelele.

Wako pia wanaosema kwamba feni huvuma kwa sababu ya umeme mdogo, kwa kuwa wameona pangaboi likilegea umeme ukishuka. La hasha. Feni ya kompyuta haipokei umeme wa ukutani moja kwa moja. Hupokea volti 12 zilizokwisha kutengenezwa ndani ya kasha, na volti hizo hazifuati kupanda na kushuka kwa umeme wa nje. Ikivuma, imeamriwa kuvuma, au imechakaa.

UNGO NA KIPANDE CHA BOKSI

Kila mama aliyewahi kupepea jiko la mkaa anaijua siri ya feni isiyo na kelele. Ukipepea kwa kipande kidogo cha boksi huna budi kupepea upesi upesi mpaka mkono uchoke. Ukichukua ungo, mapigo machache ya taratibu yanatosha. Hewa iliyosogezwa ni ile ile.

Feni ya kipenyo cha milimita 120 ina eneo mara mbili na robo ya feni ya milimita 80, na ile ya 140 ina eneo mara tatu. Kwa hiyo huweza kusogeza hewa ileile kwa mwendo mdogo zaidi. Na mwendo ndio asili ya kelele: kwa kanuni waitumiayo wahandisi, ukipunguza mizunguko ya feni kwa nusu kelele yake hushuka kwa desibeli 15 hivi, ilhali sikio la mwanadamu hukihesabu kila kishuko cha desibeli 10 kuwa kelele imepungua nusu. Feni pana inayozunguka mara 800 kwa dakika haisikiki katika chumba ambamo mtu analala umbali wa hatua tatu. Feni ndogo inayozunguka mara 3,000 husikika hadi ukumbini.

Lakini feni pana pekee haitoshi, kwa kuwa joto halina budi kwanza kutoka katika prosesa na kusambaa mahali ambapo hewa inaweza kulifikia. Hiyo ndiyo kazi ya zile bati nyembamba za alumini zilizopangwa kama kurasa za kitabu. Katika vipozeo duni, bati hizo hukaa juu ya bonge la alumini tu. Katika vilivyo bora utaona mirija ya shaba, minne kwa kawaida, inayotoka chini kwenye prosesa na kupanda kupenya bati zote. Watu wengi hudhani mirija hiyo ni vyuma vitupu. Sivyo, ndani imo hadithi ya Uluguru yenyewe.

Kila mrija umezibwa pande zote, hewa imenyonywa, na ndani yake yameachwa maji kidogo sana. Kwa kuwa hakuna hewa ya kuyakandamiza, maji hayo hugeuka mvuke mapema, hata kwa joto ambalo lisingechemsha chai. Mvuke huondoka upande wa moto, hukimbilia upande wa baridi palipo na bati, na hapo hugeuka tena kuwa maji na kuliacha joto lake. Kisha maji hurudi chini kwa kunyonywa na utando wa shaba uliolazwa ndani ya mrija, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ndivyo hivyo mvuke wa Bahari ya Hindi unavyopanda na kuganda kuwa mawingu kwenye vilele vya Uluguru, ukaanguka kama mvua, ukakusanyika katika Mto Ruvu, na kurudi baharini karibu na Bagamoyo. Ruvu huzunguka hivyo kwa majuma na miezi. Mrija huzunguka mfululizo, bila pampu, bila umeme, na bila kelele yoyote. Kifaa hiki kilibuniwa upya na mtaalamu George Grover katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, kwa mawazo ya vyombo vya anga, na leo kimo katika kompyuta za kuchapia barua.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Sitaki mtu yeyote aende dukani kabla ya kufungua kasha la kompyuta aliyo nayo. Nusu ya mashine zinazovuma mjini hapa hazina ubovu wowote zaidi ya vumbi. Kiangazi udongo mwekundu huingia kwa kila dirisha. Ukiongeza majivu ya mkaa, nyuzi za nguo na nywele, baada ya mwaka mmoja unapata blanketi lililotandikwa juu ya bati zile, na hakuna feni itakayopitisha hewa katika blanketi. Si ajabu kukuta pia mayai ya mjusi, na mende waliopenda joto la humo.

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, itoe nje barazani. Gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme wa mwilini utoke. Safisha kwa brashi laini ya rangi iliyo mpya na kavu, na kwa pampu ya baiskeli au kipulizio cha fundi, huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu ya upepo huweza kuharibika. Usitumie kitambaa chenye maji.

Kati ya prosesa na kipozeo kuna ute ambao mafundi huuita pesti. Kazi yake ni kuziba vinyweleo vya hewa visivyoonekana kwa macho, kwa sababu hewa hupitisha joto vibaya mno. Ute huo hukauka baada ya miaka na kuwa kama chokaa. Mashine iliyofanya kazi miaka minane Ulaya na miwili hapa bila pesti mpya haiwezi kuwa kimya. Kipozeo kikitolewa, futa ute wa zamani kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa safi, subiri pakauke, kisha weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi na ukaze skrubu kwa kupokezana pembe kwa pembe. Zaidi ya hapo ni kuchafua. Nimesikia pia kwamba wapo wanaopaka dawa ya mswaki. Hiyo hukauka baada ya siku chache na kuacha hali mbaya kuliko ya mwanzo.

Jambo la tatu halina gharama hata ya spiriti. Prosesa za siku hizi zina tabia ya kukimbia kupita mwendo wake wa kawaida kila zipatapo nafasi, na mbio hizo huzaa joto jingi kwa faida kidogo. Katika mipangilio ya umeme ya Windows kuna mahali panapotaja kikomo cha juu cha prosesa, nacho kwa kawaida ni asilimia 100. Ukiandika 99, katika kompyuta nyingi mbio za ziada hukoma. Anayechapa barua, anayefanya hesabu za duka au anayetazama masomo hataona tofauti ya kazi. Ataisikia tofauti kwenye feni.

Aidha, tazama mahali ulipoiweka. Kompyuta iliyosukumwa mpaka ukutani, au iliyofungiwa ndani ya kabati la vyombo, huvuta tena hewa yake yenyewe ya moto. Iliyowekwa sakafuni hula vumbi la ufagio kila alfajiri. Na vile vitambaa vizuri vya kufuma tunavyovitandaza juu ya kila kifaa cha thamani, akina mama mnisamehe, viondolewe mashine inapowashwa.

KUCHAGUA

Ikiwa umefanya hayo yote na bado inavuma, basi kununua kipozeo kuna sababu. Swali la kwanza si la bei wala la jina, ni la vipimo. Kipozeo kizuri cha kusimama, chenye feni ya milimita 120, huwa na urefu wa milimita 155 hadi 160. Chukua futi ya fundi cherehani, pima tangu uso wa prosesa yenyewe mpaka usawa wa mlango wa kasha. Usipopata milimita 165 usikinunue hicho. Tafuta chenye feni ya milimita 92, ambacho huwa kifupi. Kompyuta nyembamba za ofisini, zile ambazo kasha lote lina upana wa sentimita 9 au 10, hazitaki cha kusimama hata kidogo.

Pili ni makalio yake. Prosesa za Intel za mezani zilizotoka kati ya mwaka 2009 na 2020, zile za kawaida za majumbani na maofisini, hukaa katika matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 75. Za kizazi kilichoanza mwishoni mwa mwaka 2021 zimeachana milimita 78. AMD wana mpangilio wao. Mwambie muuzaji jina kamili la prosesa yako, liandikwe kwenye karatasi, wala usiridhike na neno kwamba kipozeo hiki huingia zote.

Tatu, na hili ndilo lililomgharimu yule mama wa Mafiga: kompyuta nyingi za Dell na HP zilizotoka maofisini zina mpangilio wa pekee. Skrubu za kipozeo hupenya ubao na kukaza katika bati la kasha lenyewe, na plagi ya feni hailingani na za dukani. Ukilazimisha, mashine huwaka na kusimama ikilalamika kwamba haioni feni. Mwenye kompyuta ya namna hiyo asihangaike na vipozeo vya maboksi mazuri. Mara nyingi modeli hiyo hiyo ilitolewa kiwandani ikiwa na vipozeo vya aina mbili: kidogo cha alumini kwa prosesa ndogo, na kikubwa chenye mirija ya shaba kwa prosesa kubwa. Hicho kikubwa hupatikana kwa mafundi, kimetolewa katika mashine iliyokufa, kwa bei nafuu, na huingia bila kukata kitu. Ndicho mama yule alichofungiwa hatimaye, pamoja na pesti mpya na ile asilimia 99. Bado anachapa, na kompyuta haikuuzwa.

Kwa wale wenye kasha la kawaida, uamuzi wangu ni huu: kipozeo cha kusimama, mirija minne ya shaba, feni ya milimita 120, bila taa. Cooler Master, Arctic na wengineo wanatengeneza vya namna hiyo kwa bei ya kadiri. Noctua wa Austria, wanaojulikana kwa feni zao za rangi ya kahawia, wanatengeneza vilivyo bora sana, lakini bei ya vikubwa vyao hukaribia bei ya kompyuta nzima iliyotumika, na sioni busara ya kununua kofia ya thamani sawa na kanzu. Taa za rangi hazipozi kitu.

Vile vya maji, vyenye pampu na rejeta kama ya gari, siwashauri watu wa nyumbani. Pampu nayo ina sauti yake, na ikifa hapa Morogoro itabidi utupe chombo chote. Viko pia visivyo na feni kabisa. Kampuni hiyo ya Noctua ilitoa kimoja mwaka 2021. Hivyo hutegemea hewa ipande yenyewe kwa wepesi wake, na hewa ya nyuzi 35 chini ya bati haina haraka. Mgeta, pengine.

Angalia vilevile feni yenyewe inazungukia nini. Ya bushi ya kawaida huanza ikiwa kimya lakini joto huila mafuta yake, na baada ya mwaka au miwili hukwaruza. Ya beringi za gololi hudumu, ingawa ina mngurumo mdogo. Iliyo bora kwetu ni ile ambayo mhimili wake huelea katika mafuta yaliyozibwa. Feni inayokwaruza huweza kutulizwa kwa tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kibandiko chake, nayo itakufikisha mwisho wa mwezi. Tafuta pia feni ya nyaya nne badala ya tatu, kwa kuwa ule wa nne ndio ambao kompyuta huutumia kuipa feni amri ya kwenda taratibu. Kwa nyaya tatu ubao mwingine hauwezi, na feni hukimbia mwendo mmoja usiku kucha.

Hesabu za desibeli zilizoandikwa kwenye boksi zisikushughulishe sana. Kila kiwanda hupima kwa namna yake, mmoja kwa karibu na mwingine kwa mbali, wala huwezi kuzilinganisha. Uzito wa kipozeo mkononi na upana wa feni hueleza zaidi.

Vifaa hivi ni vichache Morogoro, na wengi huvifuata Kariakoo. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari hiyo imekuwa fupi, lakini nauli ya kwenda kurudisha kitu kisichoingia bado ni nauli. Nenda na vipimo vyako, na ikiwezekana nenda na kipozeo cha zamani ndani ya mfuko.

Ukishakifunga, lipo jambo moja la kurekebisha. Sauti inayopanda na kushuka humwamsha aliyelala kuliko sauti ya namna moja. Mtoto hulala vizuri chini ya mvua kubwa ya masika juu ya bati, lakini huamka kwa mlango unaolia mara moja moja. Katika mipangilio ya ndani ya kompyuta, ile inayofunguka mashine ikianza kuwaka, ambayo mafundi huiita bayosi, panga feni ibaki katika mwendo mmoja wa chini mpaka prosesa ifike nyuzi 60 au 65, ndipo ianze kupanda, nayo ipande taratibu. Prosesa haidhuriki kwa joto hilo. Nyingi hujilinda zenyewe zinapokaribia 100.

Kisha subiri usiku. Redio za majirani zikizimwa, kaa kitandani usikilize. Ikiwa mvumo umekwisha lakini bado unasikia mlio wa tik, tik, au mkwaruzo mfupi unaokoma na kurudi, hiyo si feni. Ni diski ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, nayo huenda iko mbioni kufa. Usiizime uende kulala: nakili kwanza picha za familia na kazi zako zote kwenye diski nyingine, usiku huo huo.